Mama, usimnyime mtoto chakula kwa sababu ya sauti ya WhatsApp

Kuna sauti ya WhatsApp inayozunguka katika simu za watu hapa Goma, na imekwisha kufika Sake na Minova. Anayesema ni mama Mkongomani, mmoja wa ndugu zetu waliopelekwa Marekani kutoka kambi za wakimbizi. Anaeleza kwamba mtoto wake alikuwa anakwamwa na chakula, anatapika, haongezi kilo. Madaktari wa kule wakamwambia aondoe maziwa, ngano, mayai, soya, karanga na samaki. Leo mtoto anakula vizuri. Mama anamshukuru Mungu, kisha anawaambia wamama wa Kivu nao wajaribu, kwa sababu kuacha chakula hakuna bei.

Wasikilizaji wametuletea sauti hiyo wakiuliza kama ni ukweli au ni uongo wa mitandao. Jibu langu lina sehemu mbili, na ninaomba mtu asibebe ya kwanza na kuiacha ya pili njiani. Anachosimulia mama yule ni kweli kabisa. Na kukifanya hapa jinsi anavyosema kunaweza kuua mtoto.

Ugonjwa huo upo. Madaktari wanauita ezofajiti ya eozinofili. Umio ni ile njia inayoshusha chakula kutoka kooni mpaka tumboni. Kwa watu fulani, mwili unakichukua chakula cha kawaida kama adui. Ndio mzio, ile tunayoita alerji. Chembe nyeupe za damu zinazoitwa eozinofili zinakuja kujaa katika ukuta wa umio, mahali ambapo kwa kawaida hazikai, na umio unavimba. Ukivimba miaka mingi bila kutibiwa, unakakamaa na kuwa mwembamba. Mtu mzima anasikia tonge la bugali au kipande cha nyama kimesimama kifuani, hakishuki, hakipandi. Anazoea kusindikiza kila tonge kwa maji, na kwenye sahani ya familia yeye ndiye wa mwisho kumaliza. Mtoto mdogo hawezi kueleza hayo yote. Yeye anatapika, anakataa kula, anakonda.

Waganga wa Ulaya na Marekani walianza kuutambua kama ugonjwa wa pekee mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1995, madaktari wa Johns Hopkins, kule Baltimore, waliandika juu ya watoto 10 waliokatazwa chakula chote cha kawaida na kupewa maziwa ya maabara yasiyo na protini nzima ndani yake. Walipata nafuu. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba chakula chenyewe ndicho kinachochokoza. Lakini nani anaweza kuishi kwa kinywaji cha maabara? Ni ghali, na ladha yake ni mbaya hata mtoto mwenye njaa anakisukuma. Kwa hiyo mwaka 2006, madaktari wa watoto wa Chicago walijaribu njia nyepesi: waliondoa vyakula sita tu vinavyochokoza watu mara nyingi, ndivyo vile sita vya sauti ya WhatsApp. Kati ya watoto 35, watoto 26 umio wao ulipona au ulikaribia kupona. Si neno la barabarani.

Sasa tuje kwenye kile ambacho sauti ile haikusema, sijui ni kwa kusahau au kwa sababu dakika za sauti ni chache.

Mlo huo hauishi kwa kuacha. Kuacha ni hatua ya kwanza tu. Kabla ya kuanza, daktari anaingiza kamera ndogo yenye mpira mwembamba mdomoni mpaka ndani ya umio, ile tunayoita fibroskopi, na anakata vipande vidogo vidogo vya nyama ili vitazamwe kwa mikroskopi. Ni lazima ahesabu eozinofili angalau 15 katika eneo moja la mikroskopi, na ni lazima awe ameondoa sababu nyingine, ndipo aseme jina la ugonjwa. Baada ya wiki sita au zaidi za kuacha vyakula, kamera inarudi. Umio ukiwa umetulia, chakula kimoja kinarudishwa, mtoto anakila kwa majuma kadhaa, kamera inarudi tena. Kisha kingine. Hivyo hivyo mpaka vyote sita vijibiwe. Shabaha ni kumjua mchokozi mmoja au wawili, ambaye mara nyingi ni maziwa ya ng'ombe au ngano, na kumrudishia mtoto vyakula vingine vyote. Pembeni ya daktari kuna mtaalamu wa lishe anayehakikisha kwamba kila kilichotolewa kimepata mbadala wake.

Mama wa Marekani alikuwa na hayo yote nyuma yake. Yule anayeisikiliza sauti chini ya hema, au katika chumba kimoja cha familia iliyompokea huko Majengo, ana sauti tu.

Tuweke vyakula hivyo sita kwenye meza yetu tuone. Mkulima wa Masisi aliye kwenye shamba lake, kwa kweli mlo wa Chicago haumsumbui kama unavyowasumbua watu wa Chicago. Kule mkate na jibini vimo katika kila kitu. Huku mtu anakula viazi, ndizi, maharage, muhogo, mahindi, mchele, nyama siku ya sikukuu, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilicho katika orodha ile. Atapoteza mashuza, jibini la Masisi, mandazi, sambaza za ziwani, na sombe itabidi ipikwe bila karanga wala samaki. Ataumia, lakini ataishi.

Mtu aliyekimbia vita hana shamba. Posho anayopata, inapofika, kwa kawaida ni unga wa mahindi, maharage au mbaazi, mafuta na chumvi. Angalieni vizuri: hamna yai, hamna maziwa, hamna samaki, hamna mkate, hamna karanga. Watu wetu wako tayari kwenye mlo wa Chicago bila daktari kuwaandikia. Vita ndiyo iliyowaandikia.

Na sasa jiulize, katika maisha hayo, maziwa, soya na karanga vinaingia mdomoni mwa nani? Vinaingia mdomoni mwa mtoto mdogo, kwa mlango mmoja tu: kituo cha lishe. Plumpy'Nut, ile pakiti ya gramu 92 ambayo wamama wote wanaijua, imetengenezwa kwa karanga, unga wa maziwa, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ina kalori 500. Unga wa uji wanaopewa watoto wadogo una mahindi na soya, na ule wa watoto wadogo zaidi unaongezwa unga wa maziwa. Kwa hiyo mama wa kambini akiifuata sauti ile neno kwa neno, anachoondoa ni dawa peke yake inayomtenganisha mtoto wake na bwaki. Bugali ya mahindi inabaki, kwa sababu haimo katika orodha. Mtoto ambaye mkono wake umepimwa chini ya milimita 115 hawezi kungoja wiki sita za majaribio.

Kuna jambo lingine ambalo daktari wa Marekani asingeweza kulifikiria, kwa sababu yeye hasemi Kiswahili. Kwetu neno maziwa ni moja. Maziwa ya ng'ombe ni maziwa, na ya mama ni maziwa. Mama kijana mwenye mtoto wa miezi saba anasikia "ondoa maziwa", na hakuna anayemweleza ni maziwa gani. Ninawaomba wote mnaopeleka sauti hiyo katika vikundi: kama hamuwezi kuacha kuipeleka, basi angalau ongezeni maneno haya, kwamba yanayozungumziwa ni maziwa ya ng'ombe na vinavyotengenezwa nayo. Titi la mama halikatwi. Mtoto anyonye peke yake bila kitu kingine mpaka miezi sita, halafu aendelee kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka miwili na kupita.

Najua kwa nini sauti hii imepokelewa haraka namna hii. Mtu ambaye chakula kinamkwama huku kwetu hapati sikio. Akienda kwa majirani, wanamwambia amelishwa karuho, na ugomvi unaanza kati yake na mke mwenzie, au na shangazi aliyemkaribisha chakula mwezi uliopita. Familia zimevunjika kwa jambo hili, na waliokimbia wanalala chumba kimoja na watu wanaowashuku. Anapelekwa kwa mtu wa kutoa sumu, anatapishwa kwa majani, analipa. Kama ni mtoto, anakatwa kilimi, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, kwa wembe au kwa kisu, na damu inatoka na tatizo linabaki pale pale, kwa sababu kilimi hakina kosa lolote katika jambo hili. Baada ya hayo yote, mama anasikia sauti ya mama mwenzake ikisema kwa lugha yake kwamba si sumu, ni ugonjwa, una jina na unatibika. Hata mimi ningesikiliza.

Na sisi wa redio hatuko mbali na habari hii. Saa ya jioni unasikia tangazo la dawa ya majani inayotoa sumu, inayotibu tumbo, mgongo, na bahati mbaya katika biashara. Matangazo hayo yanalipa mafuta ya jenereta, ninalijua hilo kuliko msikilizaji yeyote. Bado nasema yafutwe. Hatuwezi kumfundisha mama saa mbili asubuhi na kumuuza saa kumi na mbili jioni.

Kwa hiyo mtu afanye nini kama chakula kinamkwama kweli?

Kwanza aende kituo cha afya na aseme hivyo hivyo, kwa maneno wazi: kinakwama hapa, tangu siku fulani, chakula kikavu tu au hata maji. Asiseme "tumbo linaniuma" kwa haya, kwa sababu atapewa dawa ya tumbo na kurudi nyumbani. Sababu za kukwamwa ni nyingi, na alerji ni moja tu kati yao. Kuna asidi ya tumbo inayopanda juu. Kuna fangasi wa umio, ambao huja sana kwa mtu mwenye kinga iliyochoka, ndiyo sababu daktari atamwomba kupima UKIMWI. Kuna soda kali ya kutengeneza sabuni, inayowekwa katika chupa ya kinywaji na mtoto anaibugia. Inachoma umio na kuuziba. Na kwa watu wazima kuna kansa ya umio, ugonjwa unaotesa sana nchi za mashariki ya Afrika. Mtu wa miaka 50 ambaye kwanza alishindwa nyama, halafu bugali, halafu uji, na nguo zinamlegea, huyo akianza kujiuliza kama aache mayai anapoteza miezi ambayo hana.

Mtu asiyeweza kumeza hata mate yake, kitu kikiwa kimekwama, aende hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku. Na mtoto ambaye midomo inavimba na pumzi inakata dakika chache baada ya kula karanga au yai, hiyo ni alerji ya namna nyingine, ya haraka, na chakula hicho kisijaribiwe tena nyumbani hata kidogo.

Neno juu ya kipimo cha damu. Wasikilizaji wawili wamenionyesha karatasi za laboratwari zilizoandikwa eozinofili nyingi, na wao wenyewe wameshajipa ugonjwa wa umio. Huku kwetu eozinofili nyingi katika damu mara nyingi ni minyoo, kwa sababu chembe hizo kazi yake moja ni kupigana na minyoo. Damu haiwezi kuthibitisha ugonjwa huu. Ni kile kipande cha nyama cha umio tu kinachoweza. Hata vipimo vya alerji vya ngozi, ambavyo vimejaa huko Ulaya, havitaji vizuri chakula kinachochokoza umio.

Na kama fibroskopi imefanyika, vipande vimesomwa, na jibu limekuwa ndiyo? Hata hapo sioni sababu ya familia ya wakimbizi kuanza na vyakula sita. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Marekani kwa watu wazima 129. Kundi moja liliacha vyakula vyote sita, kundi jingine liliacha maziwa ya wanyama peke yake. Baada ya wiki sita, katika kundi la sita waliotulia walikuwa 40 kwa mia; katika kundi la maziwa peke yake, 34 kwa mia. Tofauti hiyo ni ndogo, hata watafiti hawakuweza kusema kwamba ni tofauti ya kweli. Ina maana kwamba mateso yote yale ya ziada, kuacha yai, samaki, karanga, soya na ngano, yaliongeza kidogo sana. Wenyewe wenye pesa na maduka makubwa wanaanza kusema: tuanze na kimoja. Sisi tunaanza na sita kwa sababu gani?

Tena kuna dawa. Omeprazole, dawa hiyo hiyo ya kidonda cha tumbo inayouzwa katika kila famasia ya Goma na Bukavu, inatuliza umio wa karibu nusu ya wagonjwa hawa, ikitumiwa kwa kipimo na muda anaoandika daktari. Kuna pia dawa za jamii ya kortizoni, zile za kuvuta za wagonjwa wa pumu, ambazo daktari anamfundisha mgonjwa kuzimeza badala ya kuzivuta ili zipake umio. Kwa mtu ambaye chakula chake kinaamuliwa na lori la ugawaji, dawa inambana kidogo kuliko mwiko. Sisemi mtu ajinunulie. Kumeza omeprazole miezi na miezi bila kupimwa kunaweza kuficha kansa nyuma ya nafuu ndogo. Ninachosema ni kwamba daktari akikuandikia mlo wa kuacha, una haki ya kumuuliza kama kuna dawa kwanza, na akikujibu vibaya, uliza tena.

Wenye kugawa chakula nao wasikie. Leo mtoto mwenye alerji ya karanga iliyothibitishwa na daktari, mama yake akifika kwenye mstari, anapewa ile ile au hapewi kitu. Pale ambapo msaada unatolewa kwa pesa, mama anaweza kuchagua sokoni. Pale ambapo unatolewa kwa gunia, hachagui. Si watu wengi, mtaniambia. Ndiyo, si wengi, na ndiyo maana haitagharimu sana kuwawekea meza ndogo pembeni yenye maharage zaidi au mafuta zaidi, kwa karatasi ya daktari.

Juu ya karatasi hiyo: mzazi yeyote anayeambiwa na muuguzi, na daktari, au na mtu wa famasia, kwamba mtoto aache chakula fulani, aombe aandikiwe mambo matatu. Chakula gani hasa, na kama ni maziwa, ni ya ng'ombe au ya nani. Kinachochukua nafasi yake ni nini, kitu ambacho mama anaweza kukipata alipo leo, si kule alikotoka. Na tarehe ya kurudi ili chakula hicho kijaribiwe tena mbele ya mtu wa afya. Asiyeweza kuandika hiyo tarehe, mama aendelee kumpa mtoto wake kula.